Sakafu ya mbao na maji ya udhu

Nyumba zetu za Ujiji na Kigoma zimepitia sakafu za namna nyingi. Wazee wetu walikaa juu ya udongo uliopigwa ukasawazishwa, na juu yake wakatandika mikeka. Ikaja saruji, ikapigwa niru mpaka ikang'aa. Likafuata zulia la plastiki linalouzwa kwa mita. Kisha marumaru, ambazo leo ndizo hamu ya kila anayejenga. Sasa inaingia sakafu ya mbao, ambayo wengi wetu tumeiona katika simu au kwa jamaa walioko Dar es Salaam na Uarabuni, na habari zake zimeanza kuulizwa hata barazani baada ya swala ya Isha.

Kwangu mimi swali hili lilikuja kwa njia ya ukarimu. Kaka yangu mkubwa, anayefanya kazi Muscat, alitaka nyumba ninayoijenga Ujiji itandikwe mbao kuanzia sebuleni mpaka chumba cha mama yetu, na gharama yote akajitwika yeye. Nia yake ni njema, Allah amlipe kwayo. Mama amepindukia miaka sabini, magoti yamemchosha, na ubaridi wa saruji asubuhi za kiangazi humwumiza. Kaka alisema kwamba mbao haina ubaridi wa marumaru, na katika hilo alisema kweli. Lakini mama hutawadha chumbani mwake kwa birika na beseni, kwa kuwa usiku na wakati wa Alfajiri hawezi kufika bafuni bila kushikwa mkono, naye hapendi kuwaamsha watu. Maji yakimponyoka, huishia sakafuni. Na chumba cha pili analala mwanetu ambaye bado ananyonya. Basi kabla ya kumjibu kaka, ilinipasa kwanza niifahamu sakafu yenyewe: imefanywa kwa nini, inastahimili nini, na je, nyumba inayotahirishwa kwa maji yaweza kuishi nayo?

Elimu ya kwanza niliipata kwa fundi mzee wa maboti pale Kibirizi. Alinieleza kwamba mbao haijafa kabisa hata baada ya kukatwa. Hunywa unyevu wa hewa na kuutoa tena. Inaponywa huvimba kwa upana wake, na kwa urefu karibu haibadiliki. Boti likikaa nchi kavu siku nyingi, mbao husinyaa na mianya hufunguka. Likirudishwa majini, mbao huvimba na mianya ikajifunga. Katika boti tabia hiyo ni neema. Katika sakafu ni balaa, kwa sababu mbao zilizopangwa ukuta kwa ukuta zikivimba husukumana, na zikikosa pa kwenda huinuka katikati ya chumba.

Tabia hiyo ndiyo iliyowafanya watu wa viwanda watengeneze mbao za tabaka. Juu huwekwa uso wa mti mgumu halisi, unene wake kwa kawaida milimita 2 hadi 6, ingawa zipo za rahisi ambazo uso wake haufiki hata milimita 1. Chini yake hugandishwa tabaka za mbao nyembamba, mfano wa plaiwudi, kila tabaka nyuzi zake zikikatiza nyuzi za tabaka iliyotangulia. Tabaka moja ikitaka kuvimba kwa upana, jirani yake, ambayo nyuzi zake zimelala upande huo, huizuia. Ubao mzima huwa na unene wa kiasi cha milimita 10 hadi 20, una ulimi upande mmoja na mfereji upande wa pili, na huunganishwa na mwenzake bila msumari kuonekana. Kwa hiyo hii ni mbao ya kweli, na mtu asidhani ni bandia. Ila ni mbao iliyopunguziwa ukaidi wake. Ukaidi umepungua, haukuisha.

Hapa Kigoma jambo hilo lina uzito wake. Mvua zetu, kiasi cha milimita 1,000 kwa mwaka, hunyesha karibu zote kati ya Oktoba na Mei, kisha hufuata miezi ya kiangazi ambayo hewa hukauka na upepo wa ziwa hupita ndani ya nyumba kutwa nzima. Sisi hatufungi madirisha wala hatupozi vyumba kwa viyoyozi kama wafanyavyo Muscat, ambako hewa ya ndani hudhibitiwa. Ubao uliolala kwa utulivu katika sebule ya kaka yangu utapata hapa misimu miwili isiyofanana. Ndiyo maana wajuzi wa kazi hii husema mbao za tabaka zinafaa zaidi kuliko mbao nzima mahali penye mabadiliko ya unyevu, lakini husisitiza kwamba maboksi yakae ndani ya chumba siku mbili tatu kabla ya kutandikwa, na kwamba uachwe mwanya wa kiasi cha milimita 10 kandokando ya kuta zote, ambao baadaye hufichwa na skatingi. Fundi anayezibana mbao mpaka ukutani ili kazi ionekane safi anaiandalia sakafu kuinuka.

Jambo la pili ni ukweli wa bidhaa. Madukani vitu vitatu tofauti huuzwa kwa jina moja la sakafu ya mbao. Kimoja ni hizo mbao za tabaka nilizozieleza. Cha pili ni ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi, na juu yake imebandikwa karatasi yenye picha ya mbao na kufunikwa kwa ngozi ngumu ya plastiki. Huu haukwaruziki kwa urahisi, lakini maji yakipenya kwenye maungio hufura na haurudi tena. Cha tatu ni kipande cha plastiki iliyochanganywa na unga wa mawe, nacho kimechorwa mfano wa mbao. Hiki hakidhuriwi na maji, lakini hakina mti ndani yake hata chembe. Kila kimoja kina matumizi yake na bei yake, na hakuna aibu kununua chochote kati ya hivyo. Aibu ni kuuziwa kimoja kwa jina la kingine.

Tunakumbuka habari iliyopokewa na Abu Hurairah (r.a.) ya Mtume (s.a.w.) kupita sokoni, akaingiza mkono katika rundo la chakula na vidole vyake vikakuta unyevu chini. Mwenye mali akasema kimenyeshewa na mvua, naye Mtume akamuuliza kwa nini hakukiweka kilicholowa juu ili watu wakione, kisha akabainisha kwamba mwenye kughushi si katika sisi. Kwa mnunuzi wa sakafu, kuingiza mkono chini ni kuutazama ukingo wa ubao. Omba kipande, ukigeuze, ukitazame kwa ubavu. Ukiona tabaka za mbao zenye nyuzi zinazokatizana, na juu yake uso ambao mistari yake inaendelea mpaka ubavuni, hiyo ni mbao ya tabaka. Ukiona unga wa kahawia ulioshikana, au weusi na ujivu wa plastiki, umekwisha kujua. Muulize pia muuzaji unene wa uso wa juu. Uso wa milimita 3 au 4 ukichakaa waweza kupigwa msasa na kupakwa vanishi upya mara moja au mbili. Uso wa nusu milimita ukichakaa, sakafu imekwisha.

Kuna mawili ya ndani yasiyoonekana hata kwa ubavu. La kwanza ni gundi. Gundi nyingi za tabaka hutoa hewa ya formaldehidi, inayowasha macho na koo na kudhuru afya ikizidi, na katika chumba cha mtoto au mgonjwa wa pumu hilo si dogo. Alama ya E1 kwenye boksi maana yake ni kuwa bidhaa imo ndani ya kiwango cha Ulaya cha utoaji wa hewa hiyo. La pili ni mchwa. Tabaka za chini mara nyingi ni za miti laini, na mchwa wetu hawajali kwamba uso wa juu ni mti mgumu wa bei. Nyumba ambayo ardhi yake haikutiwa dawa ya mchwa wakati wa msingi isikimbilie sakafu ya mbao ya aina yoyote.

Wapo walioniuliza: kwa nini tuagize mbao za mbali ilhali Kigoma, Katavi na Tabora ndiko nchi ya mninga? Swali ni la haki. Mninga ni katika mbao tulivu kuliko nyingi duniani. Husinyaa kidogo sana, na kiini chake huwashinda mchwa. Lakini mninga na ndugu yake mkurungu wamevunwa mno. Mkurungu uliingizwa mwaka 2019 katika orodha ya pili ya mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, CITES, na mwaka 2022 nchi wanachama zikakubaliana kuijumuisha miti yote ya jamii hiyo iliyoko Afrika, mninga ukiwemo. Mwenye kununua mbao hizi ana wajibu wa kumwomba muuzaji karatasi halali za Wakala wa Huduma za Misitu, kwa sababu swala juu ya mbao ya wizi ni jambo ambalo moyo haupaswi kulistarehea. Na hapa mbao za tabaka zina fadhila yake: ubao mmoja wa mti mgumu wenye unene wa milimita 20 waweza kupasuliwa ukatoa nyuso tatu au nne, mahali ambapo sakafu ya mbao nzima ingeula wote.

Baada ya mbao, nikaitazama ardhi. Mji wetu una historia ya kipekee na maji. Mwaka 1871, Stanley alipomkuta Livingstone hapa Ujiji, ziwa lilikuwa juu kuliko lilivyokuwa baadaye. Kisha mto Lukuga, upande wa Kongo, ukafungua njia yake mwishoni mwa miaka ya 1870 na maji yakashuka, ndiyo maana mnara wa kumbukumbu leo uko mbali na ufuo. Miaka ya karibuni tumeliona ziwa likipanda tena na kuwafikia watu waliojenga kando yake. Nyumba za bondeni, hata zisipofikiwa na maji yenyewe, hupata unyevu unaopanda kimyakimya kupitia jamvi. Saruji hupitisha unyevu huo bila kulalamika. Mbao iliyotandikwa juu yake huunywa.

Kipimo chake ni rahisi, na hakigharimu kitu. Chukua kipande cha nailoni chenye upana wa kiasi cha nusu mita, kitandaze juu ya saruji kavu, bandika kingo zake zote kwa gundi ya utepe, ukiache usiku na mchana. Ukikifunua ukakuta matone upande wa chini, au saruji imebadilika rangi ikawa nyeusi, ardhi bado inatoa maji. Ukikuta pakavu, usiridhike kwa mara moja. Rudia wakati wa masika. Saruji mpya nayo huhitaji miezi kadhaa kukauka, kwa kuwa kadiri ya kawaida ya mafundi ni siku moja kwa kila milimita ya unene, na zaidi wakati wa mvua. Sisi tulipima sebuleni mwezi wa Machi tukakuta matone. Kaka alitamani kazi iishe kabla ya Idi, nami nikamwomba subira mpaka kiangazi kikolee. Hadi naandika haya sebule yetu ni saruji na mikeka ya ukindu, na wageni wanakaa na kula bila dhiki.

Limebaki lile la tahara, nalo ndilo lililonishughulisha zaidi. Wengi wetu tumezoea kwamba mtoto akikojoa sakafuni, ndoo ya maji humwagwa na fagio la chelewa hufuata. Mazoea haya yana asili njema: bedui alipokojoa msikitini, Mtume (s.a.w.) aliwazuia Masahaba wasimkatize, kisha akaamuru ndoo ya maji imwagwe mahali pale. Lakini ule ulikuwa mchanga, unaokunywa maji na kukauka. Sakafu ya mbao ya tabaka haivumilii ndoo. Maji yakisimama juu yake huzama katika maungio, tabaka zikaachana.

Nililipeleka suala hili kwa sheikh wetu, naye akanirudisha kwenye niliyoyasoma chuoni. Katika madhehebu ya Imam Shafii, ambayo wengi wetu Afrika Mashariki tunayafuata, kinachotakiwa kwanza ni kuondoa najisi yenyewe kwa kitambaa mpaka isibaki athari yake, kisha maji safi yapitishwe juu ya mahali hapo yapaenee. Ikiwa najisi imekwisha kuondolewa hivyo, kikombe cha maji huweza kutosha palipoonekana kuhitaji ndoo, na maji hayo hufutwa papo hapo. Mkojo wa mtoto wa kiume asiyekula chakula ila maziwa una takhfifu yake ya kunyunyiziwa maji. Kwa hiyo dini haimkatazi mtu sakafu ya mbao, wala haimpi udhuru wa kuacha maji kwa kuihurumia mbao. Inamtaka awe mwepesi: afute mara moja, apitishe maji kidogo, akaushe. Nyumba yenye mama mmoja, watoto watano na maji ya kuchota kisimani ijipime kama itauweza wepesi huo kila siku.

Nilipomweleza mama haya yote, alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama sakafu hiyo ni ghali. Nikamwambia kuwa ni ghali. Akasema: "Mwanangu, chumba nitakachoogopa kutawadha ndani yake hakitakuwa changu. Mwambie kaka yako nimepokea, lakini aniwekee kitu ambacho maji yakinimwagikia sitamtazama mtu usoni."

Maneno hayo niliyafikisha Muscat kama yalivyo. Kaka alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mdogo wangu, basi mfanyie anachotaka yeye." Chumbani mwa mama tumeweka marumaru zenye uso wa kuparuza, kwa kuwa zile zinazong'aa zikilowa huteleza, na kwa mtu wa umri wake kuanguka mara moja kwaweza kuwa safari ya mwisho ya miguu yake. Kwenye kona, hatua tatu kutoka kitandani, fundi amejenga mahali pa kutawadhia: kiti kifupi cha saruji, ukingo wa kuzuia maji, bomba, na tundu la kuyatoa nje. Ubaridi wa sakafu tumeukabili kwa zulia zito linalofulika, na mkeka wake wa kuswalia. Kazi yote hiyo ilichukua sehemu ndogo ya fedha alizokusudia kaka. Sasa mama hutawadha Alfajiri bila kumwamsha mtu, nasi husikia maji yakipita kwenye bomba.

Sebule itapata mbao zake ikipenda Allah, ardhi itakapokauka, kwa kuwa huko hakumwagwi maji na kaka ana haki ya kufurahia zawadi yake. Jikoni na ukumbini hazitakwenda, kwa sababu ya maji, na kwa sababu ya mawese ambayo doa lake kila mwanamke wa Kigoma analijua. Ama fedha iliyobaki, tumeshauriana na kaka itumike kwanza kumaliza paa la chumba cha dada yetu mjane. Israfu haianzi kwenye bei ya kitu peke yake. Kitu cha bei ndogo kilichowekwa pasipofaa kikaharibika kwa msimu mmoja nacho ni israfu.

Kwa anayekusudia kununua, nashauri kama mtu aliyezoea vitabu vya risiti vya kamati ya msikiti. Allah (s.w.t.) ametuamrisha tuandikiane tunapopeana deni la muda, na adabu hiyo inafaa hapa pia, kwa kuwa mbao husafiri zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli kutoka Dar es Salaam, nawe hulipa kabla hujaziona. Karatasi iseme ni mbao ya tabaka, aina ya mti wa juu, unene wa uso na unene wa ubao mzima, alama ya gundi, idadi ya mita za mraba, na nani atagharimia maboksi yatakayofika yamelowa. Ongeza kiasi cha sehemu moja katika kumi kwa ajili ya vipande vitakavyokatwa, na weka boksi moja akiba. Fundi naye aandike kwamba amepima unyevu, tarehe gani, na alikuta nini. Akikataa kuandika, tafuta mwingine.

Wallahu a'lam.